Kijito Kalivuli Chini ya Ishirini

Vijana wa komite mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kwenye kijito Kalivuli, sasa kwa kuwa macho yangu hayawezi tena kutenganisha alama ya kumi na nane na ile ya kumi na tisa bila kuinama hadi pua iguse maji. Nimekubali kwa sharti moja. Yale niliyoyaona mwenyewe nitayaandika waziwazi, na niko tayari kuyaapia mbele ya yeyote. Yale niliyoambiwa nitayatangulizia neno "nilisikia", na mwenye haraka anaweza kuyaruka bila kupoteza kitu. Mji wetu wa Butembo ulipita katika vita ukikosa chumvi, ukikosa sabuni, ukikosa dawa. Sikumbuki siku hata moja uliyokosa uvumi.

Jambo ninalotaka mlijue kuliko yote ni jinsi mwenzetu Kasereka, mfyatua matofali, alivyofungwa kwa kosa la kupandisha maji, na jinsi alama moja kwenye ubao wetu wa kupimia ilivyoamua kama atapakiwa kwenye lori la Beni au atarudi kwa mke wake. Vyeo na mishahara sitavigusa. Komite ya kujitolea haikuwa na kimoja wala kingine, na kazi yangu ya ualimu wa sayansi, ambayo kwa karatasi ilikuwa na vyote viwili, ililipwa zaidi kwa ahadi.

Nilipojiunga na komite, Kalivuli kilikuwa mgonjwa. Mikaratusi ilipandwa hadi kwenye chemchemi, na kila mti ulikunywa kama ng'ombe. Watu walilima maharagwe hadi ukingoni, hivyo kila mvua iliangusha shamba la mtu ndani ya maji. Chini ya mashamba hayo, lakini upande wa juu wa daraja letu, wafyatua matofali walikuwa wamechimba mfereji uliogeuza nusu ya kijito kwenda kwenye mashimo yao ya udongo. Kila Jumamosi tulifanya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa: tuling'oa visiki, tulitoa matope kwa karai, tulipanda matete na mianzi kandokando. Mfereji wa matofali ulituchukua miaka miwili ya maneno na siku moja ya jembe. Tulipouziba, wafyatua matofali walihamia bondeni, wakatununia, kisha mmoja wao akarudi kujiunga nasi. Huyo ndiye Kasereka. Alisema amechoka kugombana na watu ambao kila Jumamosi wako kwenye matope zaidi yake.

Mwalimu wangu katika kazi hii alikuwa Mzee Nzanzu, ambaye ujanani mwake alibeba fito za kupimia za wazungu wa barabara. Ubao wa kipimo aliuchonga yeye, wa mti wa libuyu, mrefu kama mtu aliyepiga magoti. Kila sentimita aliikata kwa kisu kabla ya kupaka rangi, kwa sababu, alisema, rangi huondoka na maji lakini jeraha hubaki. Tuliufunga kwenye jiwe kubwa karibu na daraja la miti. Daftari lilikuwa na safu nne: siku, saa, sentimita, maelezo. Siku yangu ya kwanza aliniingiza majini bila viatu, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye baridi ya milima hii ambayo haimhurumii mtu mwenye diploma.

"Mwalimu, ni ngapi?"

"Kama makumi mbili na mbili hivi, mzee."

"'Kama' ni mutu gani? Unamuona mu maji?"

"Hapana, mzee."

"Basi umutoshe mu kaye. Soma tena."

Nilimfuta "kama" kwenye daftari, nikasoma tena. Yalikuwa ishirini na moja. Alinifundisha kusoma mara mbili kabla ya kusema mara moja, kuandika kabla ya kutamka, na kutoacha safu ya nne tupu pale ambapo kuna jambo. "Namba peke yake ni yatima," alisema. "Ile safu ya mwisho njo inamutaja baba." Alifariki kabla ya vita ya pili ya nchi yetu, kwa uzee, jambo lililoanza kuwa nadra. Daftari likabaki kwangu.

Katika vita ya pili, jeshi lililoushika mji liliweka kambi juu ya kilima kinachotazama daraja letu, na kizuizi kwenye barabara inayotoka kwenda Musienene. Komanda wake alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, Mkristo, mpole wa sauti, aliyesema Lingala na askari wake na Kiswahili cha kutafuta na sisi. Ng'ambo ya pili, kwenye misitu ya juu ya chemchemi, walikuwa wale tuliowaita watu wa mlima, waliopigana naye. Hao walijinyunyizia maji yenye dawa ya mganga wao, waliyemwita docteur, kabla ya vita, ili risasi ziyeyuke. Kwamba walijinyunyizia, niliona. Kwamba risasi ziliyeyuka, nilisikia.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa nilisoma thelathini na nane. Mchana huo watu wa mlima walishuka, wakakichoma kizuizi. Majuma mawili baadaye nilisoma thelathini na sita, na wakashuka tena. Kesho yake komanda alikuja darajani na sajini wake, kijeba mmoja mnene aliyetembea na kalamu tatu mfukoni.

"Mwalimu, weye ulijua namna gani?"

"Kujua nini, komanda?"

"Batu banasema ulipima maji asubuhi, ikakuwa mingi. Adui akashuka midi."

"Mvua ilinyesha milimani. Maji ya milimani hushuka."

"Na adui ya mulimani?"

"Huyo sijampima, komanda. Ilikuwa bahati mbaya."

"Mara moja ni bahati mbaya," alisema, akinitazama kwa huruma. "Mara mbili ni renseignement."

Renseignement kwao ni habari ya kijasusi. Nilimweleza kwa dakika ishirini tofauti ya mambo mawili yanayotokea pamoja na jambo moja linaloleta jingine. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Kisha akaeleza upande wake: watu wa mlima hupata nguvu kwenye maji, maji yao hutoka kwenye chemchemi yetu, maji yakiwa mengi, dawa ni nyingi. Nilipouliza nani alimwambia hivyo, alijibu kwamba kila mtu anajua. Hapo nilijua tumeshindwa sote wawili.

Siku iliyofuata sajini alipigilia kibao cha katoni kwenye kizuizi. Zaidi ya thelathini: askari wote kambini, kizuizi kufungwa. Chini ya ishirini: kizuizi wazi, na mashauri ya wafungwa kusikilizwa. Katikati: kama kawaida, ingawa hakuna aliyejua kawaida ni nini. Kila asubuhi saa mbili sajini alikuja kuchukua namba yangu, akaituma kwa fonia, redio ya jeshi, hadi mji wa Beni, ambako mkubwa wa komanda aliisubiri. Nilisimama mara moja nje ya chumba cha fonia na nikasikia kwa masikio yangu sauti ya Beni ikiuliza, "Na Kalivuli? Kalivuli iko ngapi?" kama mtu anayeuliza homa ya mtoto.

Mtaani, salamu ilibadilika. Wanawake waliokuwa wakienda soko la Musienene kutafuta viazi hawakuuliza tena habari za asubuhi.

"Mwalimu, iko ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Aksanti. Ninabeba kitunga kidogo."

Sasa sikilizeni jambo lililonikosesha usingizi kama mtu wa sayansi. Watu wa mlima nao walipata habari kwamba maji yakipita thelathini askari hujifungia kambini. Kwa hiyo wakaanza kushuka kila yalipopita thelathini. Mwanzoni ilikuwa ushirikina. Ndani ya miezi mitatu ikawa kweli. Ningeweza kuchora mstari ubaoni, maji huku, mashambulizi huku, na hakuna mkaguzi wa shule ambaye angeukataa. Wapiganaji wawili wa mlima walinikuta siku moja nikikagua mianzi kwenye chemchemi. Walikuwa na majani kichwani na heshima nyingi.

"Shikamoo, Mwalimu. Docteur yetu anatutuma. Maji itafika trente, ile thelathini, lini?"

"Mvua ikinyesha."

"Na itanyesha lini?"

"Hilo mumwulize docteur wenu."

Walitazamana. "Yeye njo alitutuma kwako," alisema mkubwa wao.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, bila kuomba wala kuteuliwa, mshauri wa kijeshi wa pande zote mbili, na chombo changu cha pekee kilikuwa ubao wa libuyu. Niliendelea kuandika nilichokiona. Katika safu ya nne niliandika "mvua", "matope", "matete yamekatwa na mbuzi". Kuhusu vita sikuandika kitu, kwa kuwa hakuna mahali vita ilipogusa maji isipokuwa vichwani mwa watu.

Sasa nafika kwenye kosa, na nianze na langu. Tulitaka kupunguza mwendo wa maji yasiendelee kula ukingo, na nikamwagiza Kasereka ajenge kiukuta cha mawe upande wa juu wa daraja, mbali na kipimo. Juma hilo nilikuwa nasimamia mitihani mchana kutwa, sikwenda kumwonyesha mahali. Jumanne asubuhi, jua la siku ya tatu bila tone la mvua, nilisoma thelathini na nne. Nilisoma mara mbili, nikatoka majini, nikafuta miwani, nikarudi. Thelathini na nne. Niliandika: "Hakuna mvua. Sababu haijulikani." Sajini alikuja, akanakili namba, akaondoka mbio.

Niliufuata ukingo kwa kushuka. Hatua arobaini chini ya daraja nilimkuta Kasereka amesimama hadi magotini, akitabasamu kama bwana harusi, mbele ya ukuta mzuri kuliko wowote niliouona katika kazi yangu. Kila jiwe lilikaa mahali pake.

"Mwalimu, angalia! Maji imesimama!"

"Nilikuambia juu ya daraja, Kasereka."

"Juu hakuna mawe, Mwalimu. Mawe iko huku. Mutu apandishe jiwe mulima, kisha ukuta iko ile ile?"

Kwa mfyatua matofali, hoja hiyo haina kasoro: ukuta hujengwa pale ulipo mzigo. Nilimweleza kwamba ukuta ulio chini ya kipimo hurudisha maji nyuma na kuyainua, na kwamba asubuhi ile alikuwa ameipandisha vita nzima kwa sentimita kumi. Tabasamu lake lilitoka polepole. Tukaanza kubomoa.

Lakini Beni walikwisha kusikia thelathini na nne. Askari walijifungia kambini. Kizuizi kilifungwa, na watu wa mlima, waliopata habari kwa njia zao, walishuka mchana kweupe bila kurushiwa hata jiwe. Walikunywa mapipa matatu mazima ya kasiksi, pombe ya ndizi ya Mama Kyakimwa, kiongozi wa wanawake wa salongo yetu, wakachukua mbuzi wawili wa katekista, wakapanda kurudi wakiimba. Niliwaona. Walikuwa na sauti nzuri.

Komanda alishuka jioni ileile na askari sita. Jua lilikuwa kali bado, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kujiuliza maji hayo yalitoka wapi. Aliukuta ukuta nusu umebomolewa, na Kasereka ameshika jiwe.

"Nani alijenga?"

"Ni mimi, komanda," alisema Kasereka, ambaye hakuwahi kujifunza kusema jambo lingine.

Nilisema kwamba agizo lilikuwa langu. Komanda akaniuliza kama nilimwagiza ajenge pale. Nilisema hapana, nilimwagiza juu ya daraja. "Basi weye hauna kosa," alisema. "Yeye njo alichagua fasi." Ukweli wangu ulikuwa umemfunga mwenzangu, na sikuwa na ukweli mwingine wa kumfungulia. Walimpeleka kwenye kasho ya kambi kwa kosa la kupandisha maji kwa faida ya adui.

Wafungwa wa komanda walipelekwa Beni kwa lori kila Jumamosi, saa tatu asubuhi. Kabla ya siku hizo niliwaona wanaume wawili wa mtaa wetu wakipanda lori hilo. Sikuwaona tena. Kilichowapata nilisikia, na sitakiandika.

Jumatano nilikwenda kambini na daftari. Nilimwonyesha komanda kurasa za miezi yote: kipindi kama kile, Kalivuli husimama kwenye ishirini na tatu au nne, ukuta umeondoka, maji yamerudi kwenye ishirini na nne, kwa hiyo kila kitu kiko sawa, na mtu aachiliwe.

"Likambo te, hakuna shida, Mwalimu. Nakuamini. Kaye yako ni ya mutu asiyedanganya. Siku ya thelathini na nne, mwingine angeandika vingt, ishirini tu, ili asipate matatizo."

"Basi umwachilie."

Alinyoosha kidole dirishani, kuelekea kibao cha katoni. "Mashauri ni chini ya ishirini. Mimi mwenyewe nilitia saini. Beni banajua. Maji ikifika chini ya ishirini mbele ya lori, namusikiliza, namuachilia. Ikibaki vingt-quatre, hapana ni mimi namutuma. Ni maji."

"Komanda, mvua inakaribia. Maji yatapanda tu."

"Basi muombe Mungu," alisema, kwa dhati kabisa.

Ijumaa jioni, kabla ya saa ya kutotoka nje, tulikutana nyumbani kwa Kasereka. Mke wake, Masika, alikuwa anafunga viazi vya kuchemsha kwenye majani ya mgomba. Alikuwa na kaka yake Beni, katika komini ya Beu, na alitaka dereva wa lori ampelekee kifurushi, kaka akimbilie kambi ya huko kama bado atamkuta mume wake. Mama Kyakimwa alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwalimu, kesho uandike dix-neuf."

"Nikisoma kumi na tisa, nitaandika."

"Sajini hainamake. Tumbo inamukataza. Anaandika ile unamwambia. Ni kalamu tu!"

"Mama, daftari hili halina hata namba moja ya uongo."

"Na utalifanyia nini? Watakuzika nalo? Kichwa yako iko ngumu sawa jiwe! Jiwe tunaweza kubomoa, kichwa yako hapana!"

Nilijitetea. Nilisema komanda ananisikiliza kwa sababu moja tu, kwamba sijaandika uongo. Siku atakapoinama mwenyewe na kuuona uongo wangu, tutakwenda Beni sote wawili, mimi na Kasereka. Hiyo ilikuwa hoja nzuri na haikuwa hoja yangu halisi. Hoja yangu halisi ni kwamba sikuweza. Masika alifunga kifurushi chake, akakata kamba kwa meno.

"Mwalimu," alisema bila kuinua sauti, "mimi sikuombi uongo. Ninaomba bwana yangu."

Mama Kyakimwa alishusha mikono.

"Sawa. Kama kalamu haiwezi kushuka, maji itashuka. Beseni ngapi iko mu mtaa huu?"

Nilianza kupiga hesabu kichwani bila kupenda. Beseni na bidoni peke yake zisingetosha. Kijito hurudisha unachochota. Ilihitajika njia ya kuyaondoa maji juu ya daraja, kwa wingi, kwa saa mbili. Njia hiyo ilikuwepo. Ni ule mfereji wa matofali, kazi ambayo komite ilijivunia kuliko zote, tuliouziba na kuupanda matete juu. Mashimo ya udongo yalikuwa makavu na makubwa.

"Nitakuja na jembe," nilisema.

Jumamosi, saa kumi na mbili, ruhusa ya kutoka ilipoanza, nilisoma ishirini na nne, nikaandika. Kisha nilipanda hadi mdomo wa mfereji na kung'oa kwa mikono yangu matete niliyoyapanda kwa mikono yangu. Maji yalisita, kisha yakakumbuka njia. Chini, Mama Kyakimwa alikuwa ameleta mtaa mzima: wanawake na bidoni, wanakwaya na ndoo, muuza mandazi na sufuria lake, katekista na beseni la kuogeshea watoto, na mapipa matatu ya kasiksi ambayo, baada ya ziara ya Jumanne, yalikuwa matupu. Askari wa kizuizi alishuka na bunduki.

"Kunani huku?"

"Salongo," alisema Mama Kyakimwa.

"Salongo ya nini?"

"Ya maji. Unaona udongo hapa?"

Askari alifikiri. Kisha akachutama, akajaza chupa yake, akanywa, akaijaza tena. Namshukuru, ingawa hakujua alichochangia.

Saa moja yalikuwa ishirini na mbili. Saa moja na nusu, ishirini na moja. Fundi mmoja wa baiskeli aliona tope kwenye bidoni yake, akaimwaga kijitoni ili achote upya, na sijawahi kusikia mtu mmoja akitukanwa na watu wengi hivyo kwa lita ishirini. "Weye! Unarudisha maji! Uko wa upande gani?" Alikimbia na bidoni hadi mashimoni akalie huko.

Saa mbili kasoro robo yalifika ishirini, yakasimama. Kibao cha katoni kilisema chini ya ishirini. Kule juu injini ya lori iliwashwa. Niliupanua mdomo wa mfereji hadi jembe likagonga mwamba, nikashuka mbio kama mtu asiye na miaka yangu. Masika alikuwa amesimama katikati ya maji, upande wa juu wa daraja, akichota kwa beseni na kupokeza, akichota na kupokeza, haangalii mtu. Kifurushi cha viazi kilikuwa mgongoni mwake, kimefungwa kwa kitenge mahali pa mtoto.

Sajini alifika saa mbili kamili. Aliutazama umati, akautazama ubao, akajaribu kuinama, akaacha.

"Mwalimu, ngapi?"

Niliingia majini. Alama ya ishirini ilikuwa nje, imelowa bado, lakini nje. Nilisoma mara mbili. Niliandika kabla ya kutamka.

"Kumi na tisa."

Sajini alichukua daftari anakili, na kidole chake kikasimama kwenye safu ya nne. Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi: "'Baada ya maji kuchotwa na mfereji kufunguliwa na komite kwa makusudi.'" Aliinua macho.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya atakayesoma baada yetu, sajini."

Aliwatazama wanakwaya, ambao kila mmoja alikuwa ameficha ndoo nyuma ya mwenzake. Alimtazama Masika na kile kifurushi. Akatoa kalamu ya pili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imekauka.

"Komanda hasomake hii mstari," alisema. Akaandika 19, akakunja karatasi, akapanda kilima. Alipanda taratibu, kama kawaida yake, na wanawake walimtazama mgongo kana kwamba wanaweza kuusukuma kwa macho.

Nilisikia kwamba komanda alipiga ishara ya msalaba alipopewa namba ile. Nilisikia kwamba Beni walimpongeza kwa fonia. Nilisikia pia kwamba docteur wa mlima, alipoambiwa maji yameshuka ghafla, aliwakataza watu wake kushuka kwa mwezi mzima. Ni kweli kwamba hawakushuka mwezi huo, lakini sababu yake siwezi kuithibitisha. Lori liliondoka saa tatu. Turubai lilikuwa limefungwa, sikuona aliyekuwa ndani. Niliona aliyekuwa nje: Kasereka, akishuka njia ya kambi peke yake, bila viatu, uso umevimba upande mmoja, akitembea katikati ya barabara kama mtu anayepima upana wake. Masika hakukimbia. Alifungua kitenge, akampa kiazi kimoja, akamtazama hadi alipokimeza, ndipo akaanza kulia.

Tuliziba mfereji, mimi na Kasereka na wengine wanne. Niliyarudisha matete yaliyokuwa na mizizi bado. Saa sita mchana nilisoma mara mbili: ishirini na tatu. Kasereka alikuwa ameketi kwenye jiwe, hatua mbili tu juu ya kipimo, akiosha miguu yake kwa sabuni ya kuazima, na povu lilipita mbele ya ubao likaifunika alama yenyewe. Kanuni ya kwanza ya komite, niliyoiandika mimi, inakataza mtu yeyote kuosha chochote juu ya kipimo. Nilisubiri povu lipite, nikaandika ishirini na tatu, na safu ya nne nikaiacha tupu.